Pumba, Kumvi na Masazo

Dar es Salaam ukimwambia mtu anaongea pumba, umemtukana. Panda basi la Bagamoyo pale Makumbusho, pita Bunju na Mapinga, shuka Kerege, uliulizie neno hilohilo: utatajiwa bei. Kijana wa mjini amelichukua akalipa maana ya upuuzi, kwa kuwa pumba ni kile kinachobaki baada ya kilicho bora kuondolewa. Mfugaji wa kuku haoni upuuzi wowote hapo. Kwake pumba ni sehemu kubwa ya gunia la chakula, na zikiadimika msimu wa njaa, trei ya mayai nayo hupanda bei.

Wapenzi wa Kiswahili hatupiti sana katika mtaa huu wa maneno. Tumezoea kugombana juu ya kompyuta na tarakilishi, au kama simu ya mkononi iitwe rununu. Wakati huohuo ipo taaluma nzima, yenye maprofesa, maabara na tasnifu, inayouliza ng'ombe ale nini na kiasi gani. Taaluma hiyo hufundishwa Morogoro kwa Kiingereza na hutendwa kila alfajiri kwa Kiswahili kuanzia Mlingotini hadi Makurunge. Watu wa pande hizo mbili wanahitaji istilahi za kuzungumzia. Nadai kwamba nyingi zipo tayari, na kwamba tukizitafuta tuanze na mabaki.

Chukua mpunga wa bonde la Ruvu. Ukiupura, shambani yanabaki mabua. Ukiupepeta, yanaruka mapepe, zile punje zisizo na kitu ndani. Ukiukoboa, linatoka ganda gumu lenye kuwasha, nalo ni kumvi. Ukiendelea kuutwanga hadi mchele ung'are, unatoka ungaunga laini wenye mafuta, nao ni wishwa. Punje zilizovunjika ni chenga. Hamia kwenye mahindi: ukiyapukuchua unabaki na magunzi, ukiyakoboa unapata pumba. Nazi ukiifua yanabaki makumbi, ukiivunja na kuikuna vinabaki vifuu, ukikamua tui yanabaki machicha. Ufuta, alizeti na mbegu za pamba zikikamuliwa mafuta huacha mashudu. Juu ya yote limekaa neno makapi, linalowafaa wote na halimtaji yeyote.

Kila jina hapo limebeba kazi iliyolizaa: kupura, kupepeta, kukoboa, kutwanga, kukamua. Kwa mtaalamu wa lishe ya mifugo hilo si pambo la lugha, maana thamani ya kila mabaki inategemea kazi ileile. Kumvi ina protini chache mno, asilimia 3 hivi, na jivu lake, ambalo karibu lote ni silika, hukaribia asilimia 20. Ni kama kumlisha mnyama kioo kilichosagwa. Wishwa safi, iliyotoka katika punje hiyohiyo hatua moja baadaye, ina protini ya asilimia 12 hadi 14, na mafuta yake huzidi asilimia 10. Ndiyo maana haikai sana ghalani kabla ya kutoa harufu ya mafuta mabovu. Anayeyaita yote mawili makapi ya mpunga amekosea lugha na amekosea hesabu.

Basi kwa nini siku hizi neno wishwa halisikiki dukani? Nadhani limeuawa na mashine. Kinu na mchi vilikuwa na hatua, na kila hatua ilikuwa na ungo wake, kwa hiyo mabaki mawili yalipata majina mawili. Mashine ndogo za kukoboa zilizoenea vijijini hufanya kazi yote kwa mkupuo mmoja: mpunga unaingia juu, mchele unatokea upande huu, na upande wa pili unamwagika mchanganyiko wa kumvi iliyosagika na wishwa. Kilichochanganyika kikapewa jina moja, pumba za mpunga, na ujuzi uliokuwa ndani ya majina mawili ukahamia kwenye viganja vya wanunuzi.

Viganja hivyo utaviona ukisimama muda kidogo kwenye duka la vyakula vya mifugo, lile lenye ukuta uliochorwa jogoo na ndani viroba vimefunguliwa midomo: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa, mifupa iliyosagwa, chokaa, chumvi. Mama anayejua hanunui kwa macho. Anachota konzi, anapuliza aone kinachoruka, kisha anasugua kati ya viganja. Kumvi huchoma. Akibaki na shaka anaomba kikombe cha maji, anatia kidogo, anatazama kinachoelea na kinachozama. “Kaka, hizi kumvi mmezisaga,” anasema. Muuzaji naye hana haya: “Mama, hizo mashine ndiyo imechanganya, si sisi.” Na kweli anaweza kuwa hajadanganya. Mfuko ule ungeandikwa kumvi kiasi gani na wishwa kiasi gani, mabishano yangekwisha, lakini aliyeuandika mfuko hana maneno hayo mawili.

Bagamoyo ina historia yake ya kuorodhesha maneno. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua kituo chao hapa mwaka 1868, na kati ya waliokuja baadaye alikuwamo Charles Sacleux, Mfaransa aliyefika pwani hii mwaka 1879. Alikaa karibu miaka ishirini kati ya Bagamoyo na Zanzibar, akifundisha na huku akikusanya vitu viwili kwa pamoja, mimea na maneno. Kamusi yake ya Kifaransa kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1891, na ile kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa ilichapwa Paris kuanzia mwaka 1939, mwaka uleule ilipotoka kamusi ya Kiswahili sanifu ya Frederick Johnson. Wataalamu wa mimea nao walimuenzi: ipo jenasi iitwayo Sacleuxia.

Namtaja kwa sababu ya mpangilio wa kazi yake. Mtu anayekausha majani na kuyabandika kwenye karatasi hawezi kuridhika na maelezo ya “aina ya nyasi”. Lazima aulize nyasi zipi, zinaitwaje hapa, na je, kijiji cha pili wanaziitaje. Kamusi ya Johnson ilikuwa kamusi ya shule na ofisi, na sisi tuliofuata ni watoto wa ofisi zaidi kuliko wa shamba. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, ilifanya kazi kubwa. Hata hivyo istilahi za aina ile huanzia kwenye orodha ya Kiingereza iliyokwisha pangwa, kisha nafasi zikajazwa moja moja. Orodha hiyo haiwezi kukuuliza habari za wishwa, kwa kuwa haijui kama ipo.

Sasa tumtazame mtu mmoja wa upande wa pili, mwanazuoni. J. A. Kategile alikuwa miongoni mwa Watanzania waliofundisha na kutafiti lishe ya mifugo Morogoro wakati Kitivo cha Kilimo kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya mwaka 1984 kilipopanda na kuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Januari 1981 ulifanyika mkutano Arusha juu ya matumizi ya vyakula vikavu vyenye ubora mdogo katika Afrika. Kitabu cha mkutano huo kilichapwa Norwei, nacho kina majina ya wahariri watatu: Kategile, A. N. Said wa Nairobi, na Frik Sundstøl wa Norwei. Septemba 1984 watafiti wa malisho walikutana Harare, na kitabu kilichotoka mwaka uliofuata kilihaririwa na Kategile. Utafiti huo wa malisho ulikuwa pia na mtandao wake wa Afrika Mashariki na Kusini, PANESA, uliokuwa chini ya kituo cha kimataifa cha mifugo cha Afrika, ILCA.

Maisha ya kazi ya namna hiyo, ukiyatazama kwa jicho la mpenda maneno, yanazunguka swali moja: mabua. Nchi za huku zina milima ya mabua ya mahindi na ya mpunga kila baada ya mavuno, na kiangazi ng'ombe wanakonda karibu nayo. Yanaliwa, ndiyo, lakini yamekauka, yana nyuzinyuzi zilizofungamana na lignini, na protini kidogo sana. Kizazi cha Kategile kiliuliza yafanywe nini ili tumbo la ng'ombe liyafungue. Walijaribu magadi ya viwandani yenye makali, wakajaribu amonia, wakaja kwenye urea, ile mbolea ya dukani. Hata magadi ya asili yalijaribiwa katika ukanda huu, na kila mpishi anayetia magadi kwenye kande anaielewa kemia yake bila kuelezwa.

Kwa Kiswahili habari hii imeandikwa vibaya. Vipeperushi vinasema “kutibu mabua kwa urea”. Nani kasema mabua yanaumwa? Kitenzi kimevukishwa kutoka Kiingereza kikiwa na nguo zake zote. Tazama kinachofanyika: kilo 4 au 5 za urea zinayeyushwa katika maji, zinanyunyizwa juu ya kilo 100 za mabua makavu, mabua yanashindiliwa, yanafunikwa yasipitishe hewa, yanaachwa majuma matatu hivi. Bibi yeyote wa Kaole aliyepata kufukia ndizi mbichi ziive atakwambia jina la kazi hiyo. Ni kuvundika. Wapo maofisa ugani wanaolitumia tayari kwa majani mabichi yanayowekwa akiba kwa ajili ya kiangazi, na sioni kwa nini mabua yaachwe nje ya mlango.

Kuna na neno duni. Mabua huitwa malisho duni, na ubaya wake ni kwamba duni ni hukumu inayokuja kabla ya ushahidi. Duni kwa nani? Kuku akipewa mabua atakufa njaa. Ng'ombe ana tumbo lililojaa vijidudu vinavyoweza kuvunja nyuzinyuzi ambazo mimi na wewe tungezitoa kama zilivyoingia. Kazi yote ya wale wa Arusha ilikuwa kuikatia rufaa hukumu hiyo. Mimi ningesema malisho makavu, au malisho magumu, kisha nikaacha vipimo viseme kilichobaki.

Nimefika kwenye neno ninalolipenda kuliko yote katika taaluma hii. Katika jaribio la kulisha, kila asubuhi kabla ya chakula kipya kuwekwa, mhudumu wa banda hukusanya kilichobaki horini na kukipima. Bila kipimo hicho hakuna utafiti, kwa sababu kilicholiwa ni kilichowekwa ukitoa kilichobaki. Kiswahili kina jina lake kamili: masazo. Neno hili halichanganyiki na mabaki ya mashine wala ya kinu. Masazo ni kilichoachwa na mlaji, kwa hiari yake, baada ya kutosheka au kukataa.

Wataalamu wana utaratibu wa kumpa mnyama chakula bila kumpimia mwisho, na huutaja kwa maneno mawili ya Kilatini hata wanapoandika Kiingereza. Hawamwagi tu chakula ovyo. Hukadiria jana alikula kiasi gani, wakaongeza asilimia 10 au 15 juu yake, ili kesho yake masazo yawepo. Hori likikutwa tupu, jaribio limeharibika, kwa sababu hutajua kama mnyama alishiba au alikatizwa. Waswahili tunamwambiaje mtu mwenye neema? Anakula na kusaza. Usemi wetu wa siku zote unashika sharti lilelile la kisayansi: kushiba kunathibitishwa na kilichobaki. Sijui istilahi iliyotungwa mezani itakayokuwa fupi kuliko hiyo na kusema mengi kiasi hicho. Mwanafunzi aandike tu kwamba mbuzi walilishwa mabua kwa kula na kusaza, na mfugaji wa Zinga akisomewa ataelewa bila mkalimani.

Tena atauliza swali ambalo watafiti wenyewe walichelewa kuliuliza: walisaza sehemu gani? Mbuzi huchagua. Akipewa mabua mengi hula majani na ala zake akaacha mashina. Ukimpa kidogo ukamlazimisha amalize, amekula shina nawe umejidanganya kwamba umepima chakula kilekile. Masazo nayo lazima yapelekwe maabara.

Huko maabara ndiko lilipo neno lenye hatari, ghafi. Mpango wa kuchambua chakula cha mifugo ulioanzishwa Weende, Ujerumani, katika miaka ya 1860 unatoa protini ghafi, mafuta ghafi, nyuzi ghafi na jivu. Protini ghafi haipimwi yenyewe. Hupimwa nitrojeni, kwa njia iliyobuniwa na Johan Kjeldahl huko Copenhagen mwaka 1883, kisha hesabu inazidishwa kwa 6.25, kwa kuwa protini kwa wastani ina nitrojeni asilimia 16. Kila nitrojeni inahesabiwa kana kwamba imetoka kwenye protini, hata ile ambayo haikutoka huko. Sasa ipime urea. Ina nitrojeni asilimia 46. Zidisha: protini ghafi asilimia 287.5. Kitu kisicho na hata chembe moja ya protini kimeishinda dagaa zaidi ya mara nne.

Neno ghafi ndilo peke yake linalomlinda mnunuzi na hesabu hiyo, na ndilo la kwanza kufutwa. Tangazo husema “protini asilimia 20”, kwa vile ghafi linaonekana kama tusi kwa bidhaa. Ng'ombe, kwa vijidudu vyake, anaweza kuigeuza urea kidogo kuwa protini ya kweli, ikipimwa vizuri na ikiwa ana chakula cha kumpa nguvu. Ikizidi inamuua. Kuku hana faida nayo. Kwa hiyo hapa sikubaliani na wanaotaka istilahi ziwe nyepesi ili mkulima asichoke. Ghafi libaki, liandikwe kwa herufi zilezile kubwa za namba.

Lawama yangu kwa Kiswahili ni kwamba hapa kimekuwa bahili. Nishati yote iliyo ndani ya chakula, kabla hakijaliwa, nayo huitwa nishati ghafi. Kiingereza kina maneno mawili, moja la kisichochambuliwa na jingine la jumla isiyokatwa kitu, na tofauti yake ni kubwa: ile protini ni makadirio, nishati hii ni kipimo kamili, maana chakula huchomwa ndani ya chombo kikapimwa joto lake. Nishati jumla ingetosha, ghafi ikabaki na kazi moja.

Mahali pengine Kiswahili kimeshinda. Kucheua ni kurudisha chakula kinywani na kukitafuna upya. Walawi 11 katika Biblia yetu inatumia kitenzi hicho kumtenga mnyama anayeliwa na asiyeliwa. Lakini mtu naye akishiba akapiga mbweu, pwani tunasema amecheua. Neno moja limeshika chakula kinachopanda na hewa inayopanda. Wanasayansi wa hali ya hewa wanahangaika kuueleza umma kwamba methani ya ng'ombe hutoka zaidi mdomoni, kwa mbweu, wala si nyuma kama wengi wanavyotania. Mswahili angeelewa kwa kuambiwa tu kwamba ng'ombe huicheua.

Lishe yenyewe imepatwa na makubwa. Imezaliwa na kula, ikapitia kulisha, ndugu zake ni malisho na mlisho. Tangu mwaka 1973 tuna Taasisi ya Chakula na Lishe, na hapo neno likapata koti la daktari. Kisha likaingia mtaani: unga wa lishe, uji wa lishe, na mama ntilie akapandishwa cheo akawa mama lishe. Leo ukimwambia mtu wa Magomeni ya Bagamoyo kwamba wewe ni mtaalamu wa lishe ya wanyama, kwanza atafikiria uji. Akifika kwenye wanyama atakuuliza kama ni wa hifadhi ya Saadani, au kama unaipikia Simba, maana Mnyama mjini ni timu ya mpira.

Nisingelaumu. Mnyama kwa Kiswahili ni kiumbe chochote cha miguu minne, na cha porini ndicho kinachotangulia akilini. Mfugo una mwenyewe. Kufuga ni kukilea kitu kikakua mikononi mwako, hata ndevu hufugwa. Vyuo vyetu vimeandika sayansi ya wanyama kwa kufuata Kiingereza. Wizara, iliyo karibu zaidi na mnada, ikaandika Mifugo. Wizara ndiyo iliyopatia. Pwani hii hii unaweza kuuona mpaka wa maneno hayo mawili ardhini. Kaskazini mwa mto Wami, Mkwaja, palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe aina ya Boran. Waliishi katikati ya ndorobo kwa nguvu ya dawa za kinga, na ILCA ilitoa ripoti juu ya uzalishaji wao mwaka 1985. Ranchi ilifungwa mwaka 2000, na mwaka 2005 eneo likawa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Nyasi ni zilezile. Zilizokuwa malisho ya mifugo sasa ni chakula cha wanyama, na anayezisomea leo hutumia kamusi nyingine.

Swali linalonisumbua ni kwa nini baadhi ya maneno ya zamani yanaishi na mengine yamekufa. Mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, yu hai kabisa. Kila mtu analijua. Dada yake mbuguma, aliyekwisha kuzaa, yuko kwenye kamusi tu. Kwa mbuzi, mfarika anapumua kwa shida. Kwa kuku ndiyo msiba: tembe ni kuku jike ambaye hajaanza kutaga, pora ni jogoo mchanga, mtetea ni jike anayetaga, koo ni yule aliyekwisha kutotoa. Nenda kwenye mabanda ya Kiromo uwaulize vijana wanaolea kuku elfu. Watakwambia stata, growa, finisha, leya. Wameyachukua kwenye mfuko wa chakula, na wamefanya vyema, kwa kuwa mfuko ndio ulioongea nao.

Mtamba aliponea kwenye kibao. Serikali ilianzisha mashamba ya kuzalisha mitamba, likiwemo la Kibaha hapa Pwani, miradi ikagawa mitamba kwa vikundi vya akina mama, stakabadhi zikaandikwa mtamba mmoja. Neno likawa mali. Tembe hakuandikwa kwenye stakabadhi yoyote. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi kufundishia sekondari na chuo kikuu, Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo, na tangu hapo sisi wapenda lugha tumeweka matumaini yetu yote kwenye darasa. Mtamba anaonyesha kwamba kuna mlango mwingine ambao hatukuubisha: mfuko, risiti, bango la duka, daftari la banda.

Ombi langu basi ni dogo na lina anwani. BAKITA na wataalamu wa istilahi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtakapokaa tena kupanga istilahi za mifugo, msianze na orodha ya Kiingereza. Njooni Kerege na kitabu kitupu, msimame dukani, muwasikilize wanaosugua pumba. Walimu wa Sokoine, mtakeni kila mwanafunzi anayemaliza tasnifu ya lishe aiandikie ukurasa mmoja wa Kiswahili na kuusoma mbele ya wahudumu waliompimia masazo. Na watengenezaji wa vyakula, ambao mna nguvu kuliko kamusi, andikeni kwenye mifuko yenu tembe badala ya growa, wishwa iwe mbali na kumvi, na neno ghafi mliache lilipo.